Jumamosi ni siku ya ngapi?

Kuna waliouliza ile programu yangu ya kupanga ratiba za shule iliishia wapi. Ipo, inafanya kazi, na toleo jipya nitaliweka hapa nikimaliza kuusafisha msimbo wake. Lakini leo msimbo utakuwa mchache. Nataka kusimulia hitilafu moja niliyoikuta ndani yake mwaka 2018. Tarakilishi haikulalamika hata kidogo. Programu ilijaribiwa ikapita, ratiba ikachapishwa ikapendeza. Aliyeiona hitilafu ni mwanafunzi wa kidato cha tano, na kwa kuniona nayo alinirudisha kwenye daftari fulani la mistari nililokuwa nikitembea nalo nikiwa kidato cha tatu.

Tuanze na swali. Jumamosi ni siku ya ngapi?

Mswahili jibu analo ndani ya jina lenyewe: Juma-mosi, ya kwanza baada ya Ijumaa. Ukivuka mpaka ukamwuliza Mganda atakwambia ni Lwamukaaga, ya sita. Python, lugha ninayopikia ugali wangu, huanza kuhesabu wiki Jumatatu, tena huanzia sifuri, kwa hiyo Jumamosi kwake ni 5. Na wanafunzi wa Kiyahudi wa kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale, watakwambia ni ya saba. Kwa Kiebrania siku zote sita zinaitwa kwa namba tu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kuanzia Jumapili. Ya saba peke yake ndiyo iliyopewa jina. Alhamisi wanaiita siku ya hamishi, maana yake ya tano. Isikilize vizuri: hamishi, Alhamisi. Sisi neno letu tulilipata kwa Waarabu, ambao nao huhesabu kuanzia Jumapili, na ndiyo maana wiki yetu ina siku mbili za tano zilizofuatana, Jumatano na Alhamisi, na hakuna Mswahili aliyewahi kuomba irekebishwe.

Ndiyo, nimesema Wayahudi, na nimesema Mbale. Mimi ni Mbukusu wa upande wa Malakisi. Kutoka kwetu unapanda matatu hadi Lwakhakha, unavuka daraja kwa miguu, unapanda gari jingine, na kabla chai ya asubuhi haijakuisha tumboni uko Mbale, chini ya mwamba wa Wanale. Lugha ya huko na ya kwetu ni ndugu. Wakisema "mulembe" nasi tunajibu "mulembe". Lakini nilifika umri wa miaka thelathini na kitu nikiwa sijui kwamba huko kuna Waafrika Wayahudi wenye shule yao ya msingi na shule yao ya upili.

Habari yao kwa ufupi ni hii. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa Uganda ya mashariki. Akatarajia ufalme, wakampa kazi ya ofisi na masharti. Akawakasirikia. Alikuwa Mkristo, akaingia katika kundi la Wamalaki waliokataa dawa za hospitali, na kadiri alivyosoma vitabu vya Musa ndivyo alivyoanza kuuliza kwa nini yaliyoandikwa mle hayafuatwi. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe, akawaambia wafuasi wake kwamba tangu siku hiyo wao ni Abayudaya, yaani Wayahudi. Hapakuwa na rabi wala mgeni aliyekuja kuhubiri. Walianza na kitabu tu. Alifariki mwaka 1928, na jamii ikabaki vilimani na mashamba yake ya kahawa na ndizi. Shule ya upili ya Nabugoye ina jina lake. Wamasaba wengi wa Mbale wanamkumbuka zaidi kama mtu aliyekuja na bunduki, lakini hayo ni mjadala wa siku nyingine.

Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo alikuwa akifundisha hisabati hapo. Yeye si Myahudi, ni Mwanglikana. Alinipigia akilalamika kwamba kila muhula wanapoteza wikendi nzima wakipanga ratiba kwa penseli na ufutio juu ya karatasi ya manila. Nami nilikuwa na programu ambayo nilikuwa nimeiandika kwa ajili ya shule mbili za Bungoma. Nikamwambia nitakuja, nauli yangu mwenyewe, nitafutie godoro tu.

Kwa mpangaji ratiba, shule ile ni fumbo tamu. Wanafunzi ni Wayahudi, Wakristo na Waislamu, wamekaa dawati moja. Ijumaa mchana Waislamu wana swala. Jumapili Wakristo wana kanisa. Jumamosi ni Sabato. Ukitoa hayo yote unabaki na siku nne na nusu, na walimu wanaofundisha shule zaidi ya moja, na maabara moja. Nikakaa kwenye chumba cha maktaba Jumatano na Alhamisi nikiingiza masharti. Nilijivunia sana. Jumamosi niliifunga kabisa, programu haikuweza hata kuigusa. Ijumaa adhuhuri nikachapisha ratiba na kuibandika ukutani. Hiyo ilikuwa tarehe 3 Agosti 2018.

Kijana mmoja aliyekuwa akisaidia maktabani akaja kuisoma. Alikuwa amevaa kofia ndogo ya kufumwa kwa uzi wa rangi nyingi, zile ambazo akina mama wa pale huzifuma na kuziuza mpaka Marekani. Tulizungumza kwa mchanganyiko: Kiswahili changu, Kiingereza chake, na tulipokwama, Kibukusu changu na Kimasaba chake.

"Mwalimu," akaniambia (nilimkanya mara tatu kwamba mimi si mwalimu, hakusikia), "hapa umetuweka darasani siku ya Sabato."

"Wapi? Jumamosi nimeiacha tupu."

Akaweka kidole kwenye Ijumaa, saa moja hadi saa tatu usiku, penye somo la jioni la watahiniwa wote.

"Hiyo ni Ijumaa," nikamwambia.

"Ni Ijumaa mpaka jua lizame."

Nilinyamaza. Programu yangu, kama programu nyingi mnazotumia, hubadilisha tarehe saa sita usiku. Kwa Wayahudi siku huanza jua likizama. Kumbe niliwafungia mlango wa mbele nikaacha wa nyuma wazi. Na kilichonitia aibu si kutoijua sheria yao, maana si yangu. Aibu ni kwamba mimi ni mtu wa Kiswahili. Mwaka wa kwanza chuoni nililala chumba kimoja na jamaa wa Lamu. Siku moja akanialika kwenye maulidi "usiku wa Ijumaa". Nikaenda Ijumaa jioni nimenyoosha shati, nikakuta majamvi yamekwisha kukunjwa. Kwa watu wa pwani usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Usiku hutangulia mchana wake. Hata saa zetu, saa moja, saa mbili, huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na linapozama. Tunaitamka hesabu hiyo kila siku, lakini nilipokaa mbele ya tarakilishi niliitupa nje nikaandika ya kigeni, bila hata kujua kwamba nimechagua.

Tukio hili dogo lingeishia hapo. Ningefuta kisanduku kimoja na kuchapisha upya. Lakini yule kijana aliongeza neno moja, kwa upole tu, huku akikunja karatasi ya zamani: "Si neno, mwalimu. Tungekosa darasa tu, halafu kiranja angetuandika."

Mimi nilikuwa kiranja.

Mwaka 1996, shule ya bweni ya wavulana ambayo sitaitaja. Mitihani ya kujipima ilifanywa Jumamosi asubuhi bwaloni, na kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wasiofika. Darasani kwetu kulikuwa na Mwadventista Msabato mmoja, kijana mrefu mpole kutoka upande wa Kisii. Hakuwahi kufika hata Jumamosi moja. Alikaa chini ya mti nyuma ya bweni na Biblia yake, bila kujificha. Jumatatu asubuhi naibu wa mwalimu mkuu alisoma orodha yangu gwaride likiwa limesimama, na yule kijana akapata viboko vyake, na sufuri yake kwenye karatasi ya alama. Muhula mzima. Mwaka uliofuata hakurudi, tuliambiwa amehamishwa. Sikumchukia. Hata nilimpenda, alinisaidia kemia. Nilikuwa nafanya kazi niliyopewa, na nilikuwa naifanya kwa mwandiko safi.

Msidhani jambo hili lilikuwa la shule yetu peke yake. Uganda, wanafunzi watatu Waadventista waliishtaki Makerere kwa sababu ya masomo na mitihani ya Jumamosi, wakashindwa katika Mahakama ya Katiba mwaka 2003, wakakata rufaa na kushindwa tena Mahakama ya Juu mwaka 2006. Kwetu Kenya kanisa la Waadventista lilipanda ngazi za mahakama mpaka mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba wanafunzi wao wapewe nafasi ya kuitunza Sabato yao shuleni. Mwaka 2017! Miaka ishirini na moja baada ya daftari langu.

Basi alasiri ile nilitaka kufungasha niende zangu. Rafiki yangu akasema magari ya kwenda Lwakhakha hayaishi, lakini Sabato ya Nabugoye ungoje wiki nzima. Nikabaki.

Agosti jua linazama Mbale saa kumi na mbili na dakika hamsini na kitu jioni, karibu nusu saa baada ya Mombasa, kwa sababu tuko magharibi zaidi na saa zetu ni zilezile. Tangu saa tisa shule ilikuwa imeanza kubadilika. Wasichana walibeba maji, wavulana walifua na kupiga viatu rangi, jikoni walikuwa wakipika cha leo na cha kesho pamoja, kwa maana Sabato haiwashi moto mpya. Chakula chenyewe ni posho na maharagwe, na nadhani maharagwe ni fundi mkubwa wa amani kuliko sisi sote. Nyama ina maswali: nani kachinja, kachinja vipi, imepikwa na nini. Maharagwe hayamwulizi mtu dini yake.

Sinagogi liko palepale kilimani, jengo kubwa la matofali lililofunguliwa mwaka 2016. Niliingia nikaketi nyuma na kofia ya kuazima. Waliimba. Wenye kinasa sauti walishafika kabla yangu: mwaka 2003 Smithsonian Folkways walitoa albamu nzima ya nyimbo za Abayudaya. Lakini albamu haikuoneshi nani anaongoza. Walioongoza sehemu kubwa walikuwa vijana wa shule, mmoja na gitaa, wasichana wawili wakipokezana, zaburi kwa Kiebrania kisha kwa Kiganda, na sauti zinapangana kama kwaya zetu za kanisani Bungoma. Wazee waliitikia. Nikamwuliza jirani yangu, mzee mwenye fimbo, mbona watoto ndio wako mbele. Akanieleza kwa minong'ono, na kesho yake alasiri akanieleza vizuri zaidi chini ya mwembe.

Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Masinagogi yakafungwa, vitabu vikafichwa, watu wakasali vyumbani kwa sauti ya chini. Hesabu inayotolewa mara nyingi ni kwamba walikuwa kama 3,000 kabla yake na wakabaki kama 300. Wengine walibatizwa, wengine wakasilimu, ili watoto wasome na maisha yaende. Na waliobaki walizoea kunong'ona mpaka wakasahau kuimba. Waliokirudia kilima cha Nabugoye miaka ya 1980 walikuwa vijana. Walikaa pamoja, wakalima, wakatunga tuni za zaburi zilezile kwa mtindo ambao wenzao wa rika lao wangetaka kuusikiliza. Mmoja wa vijana hao, Gershom Sizomu, alikuja kupewa urabi mwaka 2008 baada ya kusoma Los Angeles, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge. Kwa hiyo, alisema mzee, hapa mtoto akisimama mbele sisi hatuoni ajabu. Wao ndio waliotufungulia.

Kwenye ratiba yangu Jumamosi ile ilikuwa nyeupe toka juu mpaka chini. Kwa programu, nyeupe ni nafasi inayosubiri kujazwa. Nilikaa nikaihesabu kwa jicho la mpangaji. Asubuhi, sala na usomaji wa Torati, ile sehemu ndefu ya Kumbukumbu inayoanza katikati ya sura ya saba. Msichana ambaye Alhamisi nilimwona akihangaika na fizikia alisoma Kiebrania akifuata kijiti cha fedha, na baada yake maelezo kwa Kiganda. Kisha chakula cha baridi. Kisha watu hawakwenda popote. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyefungua simu. Wanafunzi wa vijiji vya mbali, ambao siku za wiki huwaona ndugu zao kwa nadra, walipata wageni: mashangazi, wajomba, watoto wa mgongoni. Wadogo walikaririshwa nyimbo na wakubwa. Wawili waliokuwa wamegombana tangu Jumanne waliitwa kando na mama mmoja na kurudi wakicheka kwa aibu. Hakuna hata kimoja cha haya ambacho kina kisanduku kwenye hifadhidata yangu.

Alasiri wakapita wachezaji wa imbalu.

Hapa inabidi nieleze. Mwaka 2018 ulikuwa wa shufwa, na Wamasaba hutahiri miaka ya shufwa, mwezi wa nane, kama sisi Wabukusu. Ni mila moja iliyokatwa na mpaka. Wavulana wa umri wa shule ya upili wanacheza vijiji kwa vijiji wiki nzima, njuga mapajani, unga usoni, kualika jamaa waje washuhudie watakavyosimama bila kupepesa jicho. Barabara ya chini ya kilima ikajaa kengele na vumbi. Wanafunzi wote wakakimbilia ukingoni kutazama, na mmoja wa wachezaji alikuwa mwanafunzi wa shule hiyohiyo, Mkristo, jirani wa dawati la yule kijana wangu wa maktaba. Walipungiana mikono kwa nguvu.

Kijana wa maktaba alitahiriwa siku ya nane baada ya kuzaliwa. Hakumbuki kitu. "Mwaka wa imbalu," akaniambia, "wale wa kijijini wananiuliza mimi nitakuwa mwanamume lini. Nawaambia niliwatangulia miaka kumi na saba." Akacheka, lakini macho yalikuwa yakizifuata zile njuga mpaka zilipopotea kwenye kona. Mimi nilisimama mbele ya kisu alfajiri nikiwa na matope ya mtoni toka utosini, miaka kumi na minne, baba yangu nyuma yangu. Naijua hiyo ngoma inavyoita. Nilitaka kumwambia kitu, nikakosa. Akaniuliza kama maji ya mto yalikuwa baridi. Nikamwambia ndiyo, sana. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

Jioni tulitoka nje kusubiri nyota tatu. Zilipoonekana wakawasha mshumaa wa nyuzi zilizosukwa, wakapitisha viungo vinuswe, wakauzima mshumaa, na wiki mpya ikaanza hapo hapo, Jumamosi usiku. Mara simu zikawashwa kila upande, kelele kama stendi ya matatu.

Nami nikafungua kipakatalishi. Sasa nilikuwa na kazi halisi. Haikutosha kufuta kisanduku cha Ijumaa. Ilibidi programu ijue siku inaanza lini, na ijue sikukuu. Muhula wa tatu Uganda huanza Septemba, na mwaka huo Mwaka Mpya wa Kiyahudi uliangukia tarehe 10 Septemba, Siku ya Upatanisho tarehe 19, Sikukuu ya Vibanda tarehe 24. Mwaka mwingine zinasogea hadi Oktoba, zikaingia katikati ya mitihani ya taifa. Kalenda yao hufuata mwezi, lakini haiachwi izunguke misimu yote kama ya Kiislamu: katika kila miaka 19, miaka saba huongezewa mwezi wa kumi na tatu, mwaka wa 3, 6, 8, 11, 14, 17 na 19. Kanuni nzuri sana kuandika. Ilinichukua mpaka karibu saa sita.

Kwa kuijaribu nilihitaji tarehe ambayo jibu lake ninalijua. Nikamkumbuka mzee wa chini ya mwembe. Alikuwa amenieleza kwamba Kampala ilipoanguka mikononi mwa jeshi la Tanzania na wakombozi, ilikuwa mkesha wa Pasaka yao, na kwamba waliokuwa wakinong'ona miaka minane waliketi usiku huo kula mkate usiotiwa chachu na kusimulia kutoka Misri. Nilimwitikia kwa heshima, lakini moyoni nilisema wazee hupenda hadithi zilingane. Nikaandika 11 Aprili 1979, nikabonyeza.

Ikatoka 14 Nisani 5739. Pasaka huanza tarehe 15, yaani jua la tarehe 14 likizama. Nikaihesabu tena kwa karatasi. Ilikuwa Jumatano, na jioni ile ile ilikuwa Pasaka.

Sikulala upesi. Nilifikiria watu wanaoshika kalenda kichwani miaka minane bila kuichapisha popote, bila kuibandika ukutani, kwa sababu kuibandika ni jela. Halafu nikafikiria mti ule nyuma ya bweni letu.

Namba ya yule rafiki wa kidato cha tatu niliipata kwa watu wawili watatu. Wiki iliyofuata, nikiwa Nairobi, nikampigia. Simu ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena kesho yake, akaipokea.

"Nilikutafuta jana," nikamwambia.

"Jana ilikuwa Sabato, bwana. Wewe si unajua?"

Ni mwalimu sasa, upande wa Nyamira, kemia na biolojia. Tuliongea kuhusu watoto, kuhusu waliofariki, kuhusu yule mpishi aliyekuwa akitupunja mboga. Nikajaribu kufikia nilichompigia. Nilisema vibaya, kwa kuzunguka, nikataja viboko, nikataja orodha, nikasema nilikuwa mtoto. Akanyamaza kidogo.

"Viboko havikuniumiza sana," akasema. "Nilikuwa najua vinakuja. Lakini kuna siku nilipita bwaloni Ijumaa baada ya chakula cha jioni, daftari lako lilikuwa mezani limefunguka. Jina langu lilikuwa limeshaandikwa. Mtihani wa kesho yake, mimi nimeshakosa."

Nilikumbuka. Nililiandika mapema kila Ijumaa ili kuokoa muda.

Sikuwa na la kusema, naye hakunisaidia. Baadaye akaniuliza hiyo programu yenyewe, ukiiachia Jumamosi wazi, huijaza?

"Ilikuwa ikijaza," nikasema. "Sasa haijazi mpaka uiambie."

"Na Ijumaa usiku?"

"Hata Ijumaa usiku."

"Basi nitumie. Sisi hapa bado tunatumia penseli."

Nilimtumia Jumatatu asubuhi.